Aliyempaka Sange Manjano

Kabla hatujaingia msituni kuyaona magofu, tazameni chini. Njia nyeupe, haina jani. Wageni huniuliza, "Mzee Bwanaheri, hufagia saa ngapi?" Mimi? Kwangu penyewe hufagia upepo, ukipenda. Njia hii ina mwenyewe.

Zamani, kuta hizi zikinuka chokaa mbichi, msitu huu haukuwa na njia hata moja. Kila mtu alijipenyeza, na majani yakafunga nyuma yake. Aliyeujua wote ni Sange, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu kuliko haja zake. Alikuwa na rangi ya majani makavu, kichwa hadi mkia, na hakuna lililompita: kisima akakinusa, kaburi akalinusa, chungu cha watu akakinusa hakijaiva.

Siku moja Mwana Esha, mke wa Shee mwashi, alishikwa na uchungu, na mtoto akakaa vibaya. Mkunga, Bi Mbeyu, alikaa ng'ambo ya msitu. Shee akatimua mbio kumwita. Alipotea wee, akamfikia kwa kubahatisha. Na waliposhika safari ya kurudi, akapotea tena, mara hii pamoja na mkunga.

"Shee baba, mti huu si tumeupita?"

"Huo mwingine, bibi. Unafanana tu."

"Na kipande cha nguo yangu kilichonaswa hapo, nacho kinafanana?"

Sange alikuwa akiwafuata tangu mwanzo, kwa udadisi tu, aone watu wazima wanavyouzunguka mti. Uzalendo ukamshinda. "Kwani mnakwenda wapi?" Alipoambiwa, akatangulia, akisukuma majani kando kwa miguu. Lakini hatua chache tu, haonekani.

"Sange, umejificha wapi?"

"Sijajificha, mama. Ndivyo nilivyo."

Bi Mbeyu akafungua kifurushi chake cha dawa za mzazi, akachota kiganja cha manjano. Sange akarudi nyuma.

"Mama, ukinipaka hiyo, tai ataniona."

"Atakuona. Nisipokupaka, mimi sitakuona, na Mwana Esha atakufa."

Pua ya Sange ikacheza. Kisha akageuka, akatega makalio.

Basi manjano yale yakang'aa kizani mwa miti kama kaa la moto linalokimbia. Tai akashuka, akakosa, akashuka tena. Sange mbio, mkunga nyuma, Shee nyuma zaidi akiuliza kama wamefika. Wakatokea langoni mwa mji, na kabla ya alasiri mtoto alilia.

"Ilinde njia, baba," Bi Mbeyu alimwambia Sange. "Isifunge. Mzazi akitoka arobaini, nitapita hapa hapa."

Arobaini ilipotimia maji ya bahari yalikuwa yametoka, ufuko u wazi, na jamaa, kwa kuwa hawakumwamini tena Shee na miti, wakamrudisha mkunga kwao kwa njia ya ufukweni. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Sange.

Na tangu siku hiyo Sange ana makalio ya manjano, hukimbia kwa kuwa tai hajasahau, na hufagia. Mji ukahamwa, kuta zikalala, njia haikufunga. Ndiyo hii tutakayoifuata. Mkisikia mkia ukipiga majani, pa, pa, pa, simameni. Anatutazama mmoja mmoja.

Mama, wewe mwenye kifurushi, hebu pita mbele kidogo. Akuone.