Nani Amsindikize Mamamkwe?

Haya, jongeeni. Mwenye usingizi akalale mapema, maana kisa hiki kinataka majibu yenu.

Zamani, lakini si zamani sana, Vita Kuu vya Pili vilipokwisha, iliundwa manowari moja ndefu, nyembamba, yenye mbio. Karatasini iliitwa Ushindi. Mabaharia wake waliiita Mamamkwe, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuijibu. Ililinda pwani, ikafukuza wapiga magendo, ikaokoa watu wa mafuriko, na mwisho ikazeeka.

Humo walikuwamo watatu wenye vipaji. Shekue alikuwa na macho. Walisema humwona ndege kabla ndege hajaamua kuruka. Kitsao alikuwa na mikono ya usukani, na Mamamkwe, pamoja na ukali wake wote, alimtii. Na Mwachiti, mtu wa chumba cha mitambo, alikuwa na kifua cha kustahimili joto. Wenzake walimtania kwamba hata jehanamu ataomba blanketi.

Siku moja mvua kubwa iliwakuta karibu na miamba. Shekue, huko juu kwenye mlingoti, akaona povu jeupe ndani ya mvua nyeupe. "Mwamba! Mwamba mbele!" Asingeliona yeye, asingeliona mtu.

Wimbi lilikuwa limekwisha kumbwaga nahodha, kazirai. Na sheria ya manowari ni kwamba mshika usukani hageuzi bila amri. Akigeuza, ni jela. Kitsao akageuza. Angengoja amri, wangeipokea chini ya bahari.

Huko chini nako bomba la mvuke likapasuka. Watu wakaamriwa watoke. Mwachiti akabaki, akaufunga mvuke kwa mikono mitupu ili mashine zisizime. Zingezima, usukani ungegeuza nini? Mikono ikambabuka, manowari ikapita pembeni mwa mwamba, na mabaharia wote wakarudi kwa wake zao.

Miaka ikaenda. Mamamkwe ikauzwa iwe chuma chakavu, ivutwe hadi ng'ambo ikakatwekatwe. Mabaharia wake walikuwa na desturi yao: maiti haiachwi peke yake, na meli inayokwenda kufa haiendi bila mtu wake ndani. Wakubwa wakakubali, ila kwa sharti: apande mmoja tu, yule aliyeiokoa.

Asubuhi ya safari wakafika gatini wazee watatu, kila mmoja na kifurushi chake, kila mmoja ameshaaga nyumbani. Luteni Nyamvula, aliyepewa kazi ya kuchagua, akashika kichwa.

"Wazee wangu, nafasi ni moja."

"Binti yangu," akasema Shekue, "macho yangu yameingia ukungu. Daktari kasema yatazima. Nataka nikae mahali pangu pale juu, bahari iwe kitu cha mwisho kukiona."

"Mimi sina sababu," akasema Kitsao. "Naipenda tu. Mke wangu anajua, alikwisha kunisamehe."

Wakacheka, hata Luteni. Mwachiti alikuwa akiitazama meli. Miaka yote ile, kila walipoingia bandarini wenzake walisimama juu wakipunga mikono. Yeye alijua wamefika kwa amri ya kupunguza mvuke. Aliitamani meli ile kama mtu aliyeoa asimwone mkewe uso.

"Mwanangu," akasema, "wakati wa kutoka na wakati wa kuingia, zamu yangu ilikuwa chini. Sijapata kuuona mji wetu kutoka baharini. Nataka nisimame juu mara moja tu, tuondoke nikiona."

"Si tulikuwa tukikusimulia?" Kitsao akamchokoza.

"Mlikuwa mkiniumiza roho."

Kitsao akainamisha kichwa. Meli ya kuvuta ikapiga honi, kamba zikakaza.

"Mmoja apande sasa," Nyamvula akasema, "ama iende peke yake."

Hakuna aliyesogea. Kila mmoja akiwatazama wenzake, alijua bila wao asingekuwa hai. Mwachiti aliona aibu kupanda, na kubaki aliona ni kufa.

Mamamkwe ikaanza kuachana na gati, ngazi ingali inaning'inia ubavuni.

Basi Luteni sasa ni wewe unayesikiliza. Je, ungempandisha nani? Na wale wawili watakaobaki gatini, ungewaambia nini?