Magoti ya Ngiri na Mkia Wake

Paukwa!

Pakawa.

Aa, hiyo sauti ya nani, ya mgonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale jua liliwaka, likawaka, mpaka mito ikakauka. Wanyama wakamlilia Mungu. Mungu akawahurumia, akawatolea chemchemi bondeni. Maji baridi, maji matamu! Akasema, "Kunyweni wote, wakubwa kwa wadogo. Ila asiingie yeyote na miguu yake. Mkiyachafua, nitayafunga."

"Tumesikia, Bwana!" wakajibu. Ngiri alijibu kwa sauti kuwashinda wote. Mnawajua watu wa namna hiyo.

Basi adhuhuri moja, wenzake wamelala vivulini, Ngiri akaenda kunywa. Akanywa. Joto! Mgongo unamwasha! Akatazama huku, akatazama kule. "Mguu mmoja tu," akasema. Chubwi! Na wa pili. Chubwi! Mara huyo kalala chali, pwata-pwata, pwata-pwata, na kuimba anaimba! Alipotoka, maji yote yalikuwa uji. Kisha yakazama, fyooo! Likabaki shimo la tope.

Wanyama walipoamka, lo! Maji hakuna. Mama Digidigi alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, na kitoto chake kilikuwa kinahema, ulimi nje. "Jamani, mwanangu hafiki jioni!" akalia.

Sauti ya Mungu ikanguruma: "Nani ameingia kwenye maji yangu?"

"Ni Chura!" Ngiri akaropoka. "Si ndiye anayependa kuogelea?"

"Mimi?" Chura akaruka. "Mimi siku zote nakaa juu ya jani, naogopa hata kuloa!"

Nyati hakutaka kusikia. "Funga virago, wewe! Toka na watoto wako!" Chura akaanza kukusanya watoto, machozi yanamtoka.

Hapo mke wa Ngiri akamtazama mumewe, akamtazama tena. "Baba watoto," akasema, "hilo tope masikioni umelitoa wapi?"

Wote wakageuka. Ngiri akaiona njia ya kukimbilia, iko wazi. Lakini akakiona na kile kitoto cha Digidigi. Moyo ukamuuma, ukamuuma kweli. Akapiga magoti, pu!

"Ni mimi, Bwana. Uliniambia, nikasikia, nikafanya kusudi. Chura hana kosa. Nihukumu mimi, mtoto huyu asife kwa kiu."

Mungu akasema, "Ulistahili kufukuzwa. Lakini umetubu. Chimba hapo hapo ulipo, usiinuke mpaka nikuambie."

Safari hii alitii. Kwa pua, kwa meno, magoti chini: kwaru, kwaru, kwaru! Jua likamchoma, hakuinuka. Magoti yakaota sugu, hakuinuka. Nyati akamnong'oneza, "Inuka upumzike kidogo, nani atakuona?"

"Yeye anaona," Ngiri akajibu. Kwaru, kwaru! Mara, bubu-bubu-bubu! Maji!

Kitoto cha Digidigi kikawa cha kwanza kunywa. Ngiri akamgeukia Chura. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe," Chura akasema, "ila kuoga, kaoge mbali!" Bonde zima likacheka.

"Inuka, Ngiri," Mungu akasema. "Nami nimekusamehe."

Weee! Ngiri akaruka, mkia juu kama bendera, mbio bondeni! Watoto nyuma yake, mikia juu. Mama yao naye nyuma, mkia juu! Furaha iliyoje!

Ndiyo maana mpaka leo Ngiri hula amepiga magoti, na akikimbia huinua mkia. Hajasahau kosa lake, wala hajasahau kwamba alisamehewa.

Nanyi, wakubwa kwa watoto, sikieni: amri ya Mungu ni ya kutulinda, tuitii. Ukikosa, usimsukumie mwenzako. Piga magoti, sema ni mimi. Mungu huhukumu kwa haki, na anayetubu humsamehe.

Hadithi yangu imeteremka bondeni, imekunywa maji, imeishia hapo. Na wewe unayecheka, hebu tuone masikio yako!