Makombo ya Hirshke

Sogeeni, wajukuu zangu, na mwenye usingizi akauache nje. Zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, katika mji wa baridi kali huko Ulaya, aliishi Myahudi aitwaye Hirshke. Alitunga mashairi, akaandika makala magazetini, akatunga tena. Yote kwa Kiyidi, lugha ya jikoni na sokoni.

Wasomi wakamcheka. "Andika Kiebrania, bwana! Kiyidi ni lugha ya wanawake."

"Basi nawaandikia wanawake," akawajibu, huku anatafuna mkate. Maana mtu yule, jamani, bila mkate haandiki! Makombo ndevuni, makombo kwenye karatasi.

Sasa sikieni. Pasaka ikikaribia, Wayahudi hawabakizi nyumbani hata chembe ya mkate wenye chachu. Hufagia, husaka, huchoma. Asubuhi ya mkesha, mkewe Pesia akafagia, akasaka, akalibeba kapu la mezani kwa mumewe, limejaa makombo, akalimwaga lote motoni uani. Kumbe ndani yake, chini ya makombo, mlikuwa na mashairi ya kitabu kizima, na nakala nyingine hakuna! Alipoona mwandiko unajikunja ndani ya moto, akapiga ukelele.

"Hirshke, nimekumaliza! Nimechoma mashairi yako!"

Mnadhani alifoka? Thubutu! Alikaa chini kama gunia, wakalia wote wawili.

Jirani yao Dvoira, mshona mito, akachungulia. "Mnalia nini? Lile shairi la mbuzi wa mjane nalo limeungua?" Papo hapo akalighani, mwanzo hadi mwisho.

Maana jioni za baridi wanawake walinyonyoa manyoya ya bata bukini jikoni kwa Pesia, na Hirshke akiwasomea. Wakaitwa wote, mbio mbio, kwani jua likizama sikukuu inaingia, na kuandika ni mwiko. Huyu ubeti, yule ubeti, Hirshke anaandika, wanasahihishana, wanagombana, samaki wanaungua huko majumbani! Na Pesia, aliyeyachoma, akajikuta anayajua kuliko wote.

Shairi la mwisho likaisha jua likiwa juu ya mapaa. Pesia akashusha pumzi, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Ningeandika Kiebrania," Hirshke akasema, "leo ningebaki na majivu."

Basi, wanangu, lugha ya nyumbani msiionee haya. Ndiyo iliyomrudishia Hirshke kitabu chake. Na msile mkiandika!

Kisa nimekifunika. Atakayekifunua kesho na awe mmoja wenu.