Mawe Katika Mchele wa Tusekile

Jumanne, tarehe tisa Julai, saa nne asubuhi, mtu mmoja mjini Iringa alifungua gunia la mchele, asikute jiwe hata moja.

Mtu huyo alikuwa na dada huko Kyela, jina lake Tusekile. Dada alilima mpunga, akauvuna, akaukoboa, akauchagua kwenye ungo mbele ya mlango wake. Kila mwaka baada ya mavuno alimpakilia mdogo wake gunia moja kwenye basi. Mdogo mtu alipiga simu, akasema, "Limefika," akakata.

Kwa miaka mingi mchele ule ulikuwa safi. Kisha yakaanza mawe. Mwaka wa kwanza machache. Mwaka uliofuata mengi, na hata mkewe aliporudia kuuchagua, bado jino lilikutana na jiwe. Alilitoa mdomoni, akaliweka pembeni mwa sahani, akawaambia wageni, "Dada ananijengea nyumba, jiwe moja moja." Wageni walicheka. Alicheka nao, akaendelea kula.

Ndiyo maana Jumanne ile alipiga simu kwa furaha, ampongeze. Simu ya dada ilipokelewa na jirani.

"Hakuchagua yeye, kaka," jirani alisema. "Kisukari kimemharibu macho, huu mwaka wa tatu. Alikuwa anachagua kwa kupapasa. Sasa vidole navyo vimekufa ganzi, ndipo akakubali tumsaidie. Hali yake si nzuri, na sasa hivi amepitiwa na usingizi. Njoo."

Alipanda basi alfajiri iliyofuata. Alipofika, wanawake walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mikeka ya msiba, na ungo umeegeshwa ukutani. Wakamwambia kwamba tangu jana Tusekile alikuwa akiuliza kama gunia limefika. Walimjibu, lakini alitaka kulisikia neno hilo kwa mdogo wake.

Ndugu zangu, mawe yale yalikuwa habari za dada, na mdogo wake alizitema. Leo mtakapoketi mezani na kufumba macho kushukuru, je, mnajua mikono iliyowaandalia chakula hicho iko katika hali gani?

Mtu huyo ni mimi.

Ee Bwana, mpokee dada yangu Tusekile. Mrudishie macho yake, uipumzishe mikono yake. Nawe umwambie, kwa kuwa mimi nilichelewa, kwamba limefika. Amina.