Zimwi Lililokalia Chemchemi

Wenye masikio, sogeeni. Wenye usingizi, laleni palepale mlipo.

Palikuwa na zimwi lenye makalio mapana kama ungo. Lilikuja likaikalia chemchemi ya kijiji, likatangaza: "Mtungi mmoja, mtoto mmoja." Watu wakalia, maana waliwapenda watoto wao, hata wale watukutu.

Bi Mwanatumu hakulia. Migomba yake ilikuwa kando ya chemchemi, na mgomba hauombi ruhusa ya kunywa: mizizi yake hupita chini kwa chini, ikayavuta maji mpaka juu. Jioni akakata mgomba, akachimba kisiki chake kama kinu. Asubuhi kinu kimejaa maji, akawagawia majirani.

Zimwi likaona watu wananawa nyuso. "Nani kapita hapa?"

"Hakuna aliyepita, bwana."

Likajibana zaidi juu ya chemchemi. Kesho yake wanafua nguo. "Nani kapita hapa?"

"Hakuna aliyepita."

Likajibana mpaka macho yakalitoka. Siku ya tatu wanaogesha mbuzi. Likataka kuuliza, sauti haikutoka. Tangu lije halijanywa, likiogopa kunyanyuka wasije wakachota.

"Bibi," likanong'ona, "nipe maji."

Bi Mwanatumu akaliletea kata ya maji. Likanywa yote.

"Yana ukakasi kidogo. Umeyatoa wapi?"

"Hapo ulipokaa."

Zimwi likanyanyuka lichungulie. Lilipotaka kukaa tena, chemchemi ilikuwa imejaa mitungi na wanawake wenye mitungi. Likaenda zake kwa aibu, makalio yamelowa, nami hadithi yangu naianika hapa ikauke.