Boga la Lomboni

Hapo zamani, si zile zamani za sungura kusema, bali zamani za karibu, wanyama walipokwisha kunyamaza na wakubwa wakabaki wanasema bila kupumzika, paliishi mwanamke aitwaye Naetwe. Aliishi Lomboni, juu milimani kwa Wapare. Mumewe alikwenda Tanga kutafuta kazi. Yeye alikuwa akiitafuta kazi, na kazi ikimtafuta yeye, na hawajakutana mpaka leo.

Naetwe alikuwa na watoto, migomba na ng'ombe. Ila ng'ombe hakuwa wake. Kule Lomboni, mwenye ng'ombe wengi humkabidhi mmoja jirani asiye naye. Jirani hukata majani, huchota maji, huzoa zizi. Maziwa ni yake na samadi ni yake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, na sifa zote ni za mwenye ng'ombe. Huyu wa Naetwe alikuwa wa Mzee Mrutu, mtu ambaye ng'ombe wake walitapakaa kijiji kizima lakini nyumbani kwake hapakuwa hata na mundu wa kukatia majani. Kila ndama alipoachishwa ziwa, Mzee Mrutu alifika na kamba, akamsifu Naetwe kwa malezi mema, akaondoka na ndama.

Naetwe alitaka jambo moja duniani: ng'ombe ambaye akizaa, mtu haji na kamba.

Mwaka huo likatangazwa shindano la wakulima wa taifa zima. Zawadi, mtamba wa maziwa, mwenye mimba. Naetwe alisikia neno mtamba, yaliyofuata hakuyasikia. Akachagua boga moja bustanini, akayachuma machanga mengine yote ya shina lile ili hilo linywe peke yake. Akalirundikia samadi. Akalimwagia maji ya kuoshea vyombo. Boga likanenepa mpaka kuku wakawa wanapumzika kivulini mwake.

Bwana shamba Senzighe, ambaye Lomboni walimjua zaidi kwa picha kuliko kwa sura, akaja akapigwa picha nalo. Akatoa pikapu ya kulishusha. Pikapu ilikuwa inashuka hata hivyo, na magunia yake ya mkaa, lakini ilishuka. Naetwe alikaa nyuma amelipakata boga kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Wifi yake, Nakijwa, alikaa juu ya mkaa, sufuria mapajani.

"Sufuria ya nini, wifi?"

"Kwani huko tutakula nini? Hotuba?"

Huko chini, kwenye uwanja wa maonyesho, kila banda lilikuwa na vyakula vya kupendeza na kibao cha "Usiguse". Mahindi yalipakwa mafuta yang'ae. Mgeni rasmi alichelewa, akafika, akasema. Alisema mkulima ni uti wa mgongo wa taifa, na uti wa mgongo ulikuwa umesimama juani tangu asubuhi. Senzighe akapita mabandani mbio mbio: kila banda litoe mtu wa kwenda kupiga makofi.

"Niangalizie boga langu," Naetwe akamwambia Nakijwa, akaenda kupiga makofi.

Huku nyuma wakaja waamuzi na futi kamba zao. Walikuwa wamechoka. Chakula chao cha mchana kilikuwa kimeliwa na msafara wa mgeni rasmi. Mmoja akaligonga boga kwa kidole, akameza mate. Sasa, Lomboni mgeni hasimami mbele ya chakula akatazama, kisha akaenda zake na njaa yake. Hiyo ni aibu ambayo hata wajukuu hutajiwa. Nakijwa akawatazama waamuzi, akalitazama boga.

"Mnapima nini, baba zangu? Boga halipimwi kwa kamba. Kaeni."

Walipimapima haraka haraka, wakakaa. Nakijwa akachukua panga.

Naetwe aliporudi, viganja vimewaka kwa makofi, alikuta mafiga matatu, moshi, na waamuzi chini kwenye mkeka, makoti wamevua, wanapuliza vidole.

"Wifi! Boga langu liko wapi?"

"Linaliwa."

"Si nilikwambia uliangalie!"

"Nimeliangalia. Kuku hawakuligusa, wezi hawakuligusa. Hawa ni wageni. Ulitaka waende wakasimulie kwamba sisi chakula chetu ni cha macho?"

Naetwe akaketi kando ya maganda, akaiona kamba ya Mzee Mrutu inarudi, ndama baada ya ndama, mpaka uzeeni. Hakulia. Kulikuwa na vyombo vya kuosha.

Jioni mwamuzi mkuu akasimama, shati lina doa la njano. "Nafasi ya kwanza, boga la Lomboni, kwa ukubwa na kwa ladha!" Aliposema ladha, wenzake wakakohoa. Mtamba akaletwa, mweupe na mweusi, utepe shingoni, na mgeni rasmi akamkabidhi kwa "wananchi wa Lomboni". Wananchi wote. Hakutaja mtu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kesho yake mtamba alifungwa mbele ya ofisi ya kijiji, watu wakakusanyika. Naetwe akasema kwanza.

"Boga nimelipanda mimi, nimelilea mimi. Mtamba ni wangu."

Watu wakasema, "Ana neno."

Mzee Mrutu akakohoa. "Mama, boga lilikula nini? Si samadi ya ng'ombe wangu? Bila ng'ombe wangu ungepeleka mashindanoni kitu cha ukubwa wa ngumi."

"Mzee wangu, samadi ni ya mkata majani. Ndiyo desturi."

"Samadi ya migomba na mboga za watoto, naam. Samadi ya mashindano hatukuizungumza."

Watu wakasema, "Mh! Naye ana neno."

Bwana shamba Senzighe akasogea mbele, akarekebisha kofia ya maonyesho. "Ndugu zangu, hilo boga lilishuka mlimani kwa miguu? Bila pikapu lingeozea hapa, na leo mngekuwa mnagombania mbegu."

"Lakini ulikuwa unapeleka mkaa wako!" akasema mtu wa nyuma.

"Mkaa ulishinda? Mkaa haukupata hata nafasi ya tatu!"

Watu wakacheka, na walipomaliza kucheka wakasema, "Naye ana neno."

Nakijwa alikuwa wa mwisho. "Uwanjani kulikuwa na boga la watu wa Morogoro kubwa kuliko letu. Wifi, uliliona?"

Naetwe alikuwa ameliona.

"Lile lilipimwa. Letu liliwashibisha watu. Nisingepika, tungerudi na makofi. Sikatai, ulipanda wewe. Lakini boga lako lilishindwa, mama yangu. Lililoshinda ni la sufuriani."

Watu hawakusema "Ana neno". Walinyamaza, na huko ni kukubali zaidi.

Wakabishana mpaka jua likapinda. Mtamba akaanza kulia. Tangu jana, kwa nderemo zote zile, hakuna aliyempa hata jani. Alilia akamtazama Mzee Mrutu. Mzee Mrutu alikuwa anaeleza desturi. Akamtazama Senzighe, Senzighe alikuwa anatafuta kivuli cha kupigia picha na mtamba. Akamtazama Nakijwa, Nakijwa mikono ilikuwa kiunoni.

Mkono wa Naetwe wenyewe ukaushika mundu wa kiunoni, kwa mazoea, kabla kichwa hakijafikiri. Akainuka.

Mzee Mrutu akamwona, akatabasamu kwa upole sana. "Basi, jamani, tumefika mbali. Mtunzaji tumempata. Limebaki dogo tu, mwenye ng'ombe."

Naetwe akasimama palepale. Akikata majani, mbele ya kijiji kizima atakuwa amekuwa mtunzaji tena, na siku moja kamba itakuja. Asipokata, mtamba mwenye mimba atalala na njaa, maana hakuna mwingine pale aliyekuja na mundu.

Mpaka leo mimi namwona amesimama hivyo, na ng'ombe analia. Sasa ninyi mliokaa mkisikiliza: aliyepanda, mwenye samadi, mwenye pikapu na mwenye sufuria, nani alistahili mtamba? Na kabla hamjamaliza kubishana, niambieni: Naetwe akate majani, au asikate?