Machela ya Mtemi Malunde

"Wakishika wote mbele, machela haiendi." Mmeisikia leo kwenye kikao, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Imetoka Ilomba, siku ya kumzika Mtemi Malunde.

Nyamizi, mkewe, alikuwa amemngoja miaka ishirini. Walioana Igombe, Malunde akiwa mkulima wa mtama tu, mtu wa kucheka ovyo. Kisha wakamtawaza, na tangu hapo Nyamizi akawa anamwona mumewe kwa zamu, kama mtu mwenye shauri la kusikilizwa. "Nikichoka na kiti hiki tutarudi Igombe," Malunde alizoea kumwambia. Hakuwahi kuchoka; alikufa.

Wakubwa watatu wa baraza, yaani mkuu wa askari, mwamuzi na mtunza ghala, walikificha kifo siku mbili ili kila mmoja ajipange. Waliingiza ugali na kutoka na vyungu vitupu, wakiwaambia watu kwamba Mtemi leo amekula vizuri. Walikuwa wanaula wenyewe. Mle ndani Nyamizi alimfukuzia mumewe nzi, akimwambia maneno aliyomwekea miaka yote ile.

Siku ya tatu harufu iliwaumbua. Sasa, desturi ya Ilomba ilikuwa kwamba anayetangulia mbele ya machela ya marehemu ndiye atakayerithi kiti. Basi wote watatu wakang'ang'ania mbele. Nyuma hakwenda mtu, na miguu ya Malunde ikabaki chini.

"Mwamuzi, nenda nyuma, wewe unaumwa mgongo," alisema mkuu wa askari.

"Mgongo ulishapona."

"Mimi ndiye niliyemlisha mpaka jana," alisema mtunza ghala, na waombolezaji wakaguna.

Jua lilizidi kupanda. Nyamizi alikuwa na haja moja tu, kumfikisha Malunde Igombe akiwa bado ana sura yake. Akamwita dada yake, wakainua upande wa miguu, wakashika njia ya Igombe. Nyuma pakawa mbele. Wale wakubwa wakafuata wakijikwaa, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuachia.

Walipokwisha kuzika, wazee wa ukoo walimwendea Nyamizi.

"Mama, desturi ni desturi. Umetangulia wewe. Kiti ni chako."

"Mpeni mnayemtaka," alisema. "Mimi nilimtaka aliyekikalia."

Akabaki Igombe, akalima mtama hadi ukingoni mwa kaburi, na hamu ya mumewe haikumwisha hata alipozeeka. Kiti alipewa mtu mwingine kabisa. Wale watatu walipokwenda kulalamika kwamba wamedhulumiwa, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyempenda marehemu kuliko wenzake, wazee waliwasikiliza mpaka mwisho, kisha wakawajibu: wakishika wote mbele, machela haiendi.